Chumba Kimejaa Vyombo vya Wageni

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mtaa wetu huku nyuma ya soko la Kayanga ni tope tupu. Nimerudi viatu mkononi, hasira kifuani.

Majirani zangu wamenichosha. Nasema wazi.

Makumbusho yetu madogo yametupa chumba kimoja. Kimoja tu! Ngoma, mikuki na viti vya watemi vina vyumba vyao tangu zamani. Mimi ndiye niliyeisumbua kamati hadi ikakubali kwamba na sisi wa nyumba za mabanzi tuna maisha ya kukumbukwa, maana wapima viwanja wakishapita, nyingi ya nyumba hizi zitabomolewa. Mwenyekiti wa kamati anakuja Ijumaa kukagua. Asiporidhika, chumba kinarudi kwa mikuki.

Nikawaomba majirani walete vitu wanavyotumia kila siku. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyambo.

Wameleta nini? Vikombe vya maua ambavyo havijawahi kuonja chai. Vitambaa vya makochi vilivyopigwa pasi. Fundi viatu wa pale kona kaleta suti yake ya harusi. Mama Koku, muuza ndizi za kuchoma, kaleta chupa ya chai mpya, bado imo ndani ya boksi.

Ukiingia utadhani ni duka la zawadi!

Nikamfuata Mama Koku kwake. Shikamoo, marahaba, akanikalisha, akaniwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nikatafuna huku nimenuna. Nikamuuliza kwa nini hakuleta ile rimu ya gari anayochomea ndizi.

"Waitu, mwanangu! Watu watoke Bukoba waje kuona masizi yangu? Wewe mgeni unampa kikombe kilichovunjika mkono?"

Nikaanza hotuba: hakuna aibu, hayo masizi ndiyo maisha yetu, ndiyo yatakayopotea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote.

"Sawa. Na wewe umepeleka nini?"

Nimezaliwa mtaa huuhuu, na sijapeleka hata kijiko.

Sasa nimekaa jikoni kwangu naitazama sufuria ya maharage. Haina mkono hata mmoja, naiipua kwa vipande vya boksi. Marehemu mama alitupikia humo, sote tumekulia humo. Wageni wakibisha hodi naisukuma chini ya kitanda. Nikifikiria mwenyekiti akiitazama, uso wote unawaka. Kumbe hivi ndivyo alivyojisikia Mama Koku, na mimi nikammwagia hotuba.

Nitaipeleka asubuhi, kabla aibu haijaamka. Wala siisugui.

Ila ndiyo sufuria pekee niliyo nayo. Maharage ya kesho nitapikia nini?