Jogoo Aliyepotea Tanurini

Kwa mdogo wangu Saveta,

Salamu nyingi, nzito kama udongo wa mvua. U hali gani huko Timișoara, na goti lako, na mumeo? Mimi mzima. Jino moja limetoka, lakini yaliyobaki yanatafuna kuliko yako yote. Naandika kwa mkono wangu, pole pole, maana herufi na mimi hatupatani.

Umeniandikia kuwa umeona picha za sahani za Ilarie, mfinyanzi mwenzangu wa karakana, na kwamba ndege wake karibu waruke. Barua ile niliisoma mara moja, nikaikalia. Saveta, mimi ndiye Pamfil. Nani huku kwetu asiyemjua jogoo ninayemchora? Miaka nenda miaka rudi sahani yangu ndiyo inayotundikwa mlangoni siku ya maonyesho.

Basi sikia. Bibi Otilia, mwenye karakana, ameanza kupokea mabasi ya wageni. Akatuambia mfinyanzi wa siku hizi achore, apokee simu, aongee na wageni, afunge mizigo, na tanuri alichungulie. Nikamwambia anipe zote. Mtu niliyejenga nyumba huku nalea mapacha nitashindwa na simu? Ilarie akakataa. Alisema taratibu, kama kawaida yake, "Mama, nikishika pembe ya ng'ombe ya kumiminia rangi, nimeshika pembe. Simu ikilia, iache ilie." Tulimcheka, mimi kuwashinda wote.

Wageni walinipenda, walinipiga picha. Ila jogoo alitoka yuleyule kila siku. Mkono unajiendea huku mdomo unaongea. Ilarie yuko kwenye kona yake, ameukodolea macho udongo kama ng'ombe anayecheua, halafu anatoa ndege ambaye hata mama yetu hakuwahi kumchora. Nilimwonea wivu mpaka ugali na jibini vikawa vichungu.

Kwa ajili ya maonyesho nikatenga sahani yangu nzuri, nimeshaipaka nyeupe, nichore kitu kipya. Nimeinua pembe, simu ikalia. Nimeweka simu, mgeni anataka kugusa gurudumu. Kisha maboksi. Niliporudi niliokota pembe iliyo karibu, mkono ukajiendea kwa jogoo yuleyule. Umekulia kwenye kazi hii, wajua rangi mbichi zote ni tope tu. Sahani ikatoka tanurini nyeupe, tupu. Nilikuwa nimeokota pembe ya rangi nyeupe, nikachora jogoo mweupe juu ya weupe. Ilarie akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Kaka Pamfil, jogoo wako kaenda kunywa maji. Tumsubiri." Karakana nzima ilicheka, na sahani yake ikatundikwa mlangoni.

Sasa nikuambie ambalo hata padri hajalisikia. Kesho yake nilimwendea bibi Otilia, nikamwambia si haki mzee mmoja abebe kazi zote na mwenzake akae kama bwana harusi. Akampa Ilarie simu na wageni, na akamwambia asipotaka atafute pengine. Mkewe mgonjwa, angekwenda wapi? Akakubali.

Tangu Pasaka hajachora ndege mpya. Juzi nilichungulia meza yake: anachora jogoo wangu. Hakuona haya. Aliniambia, "Huyu ndiye anayekuja mwenyewe hata simu ikilia, kaka."

Nilidhani nitafurahi. Nilijimiminia pombe ya plamu, nikairudisha chupani. Zamani nilikuwa nawahi karakana kabla ya wote, nione Ilarie amechora nini nikasirike vizuri. Siku hizi naamka jua limeshapanda.

Kesho asubuhi nakwenda kwa bibi Otilia kudai nirudishiwe simu na wageni. Usiseme ni huruma, sina. Nataka Ilarie arudi kwenye kona yake atoe ndege wake bora kuliko wote, ndipo nimshinde mbele za watu. Na nisipomshinda, walau nitakuwa na kitu cha kunitoa kitandani.

Msalimie mumeo, mwambie bado namzidi kunywa. Watoto wabusu kwa niaba yangu, na goti lifunge na majani ya kabichi.

Ni mimi kaka yako, ambaye mikono yake haijatetemeka bado,
Pamfil