Mkono wa Kushoto wa Mama

Yeoville, Johannesburg
9 Juni 2025

Kaka Évariste,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku. Natumaini wewe, wifi Falonne na watoto mko salama, na kwamba goti lako limepoa. Mimi ni mzima, ukiacha kikohozi cha Juni na umeme unaokatika chai haijachemka.

Nilisikia ujumbe wako wa sauti. Unasema ng'ombe sita wa mahari walilipwa, kwa hiyo mwili wa Mama ni wa ukoo wetu, na kaburi la Baba hapo Uvira umeshalijengea vigae, nafasi mbili. Unasema mwanamke aliyemwacha mume akiwa hai arudishwe walau akiwa mfu. Ukaniomba nisimamie kufukuliwa kwake huku, maana kazi hiyo nimeizoea. Nilikubali.

Lakini, Kaka, leo ndiyo kazi yangu imekuwa kazi? Krismasi ile nilipokuja, wifi alinionyesha mtoto wenu kwa mbali, kama picha, akasema mikono yangu inashika wafu. Wewe ukaendelea kula samaki. Hata hapa, kwenye saluni nilikosuka nywele miaka saba kujilipia chuo, Murielle mwenye saluni hunipigia kelele nikipita: "Eish, mama wa Farao, leo umezika au umefukua?" Tofauti ni kwamba yeye akishanitania hunipa kiti.

Kazi yenyewe hujawahi kuniuliza. Kila mwaka naenda Misri miezi miwili, ng'ambo ya mto, magharibi ya Luxor. Sifukui wafalme. Nafukua wapishi, wafinyanzi na wake zao, watu wa miaka elfu tatu na zaidi. Dhahabu hamna. Tunaondoa udongo kwa brashi na kijiti cha mwanzi, tunachora kila mfupa ulivyolala kabla ya kuugusa, halafu nausoma: umri, mizigo iliyobebwa, njaa ya utotoni. Mpaka sasa nimewasoma watu mia mbili na kumi na mmoja. Mfupa uliovunjika ukaunga huacha kivimbe, na kivimbe hicho hakifutiki hata kaburini.

Alhamisi tulifungua kaburi la Mama. Kibali nilikuwa nacho. Watu wa mazishi walikuja na sepetu. Walipofika kwenye jeneza niliwaomba wasubiri juu, nikashuka mwenyewe. Mbao zilikuwa zimeoza. Nilianzia miguuni, maana nilijua nikianza na uso nitashindwa.

Mkono wake wa kushoto, kati ya kiwiko na kifundo, mfupa wa upande wa kidole kidogo ulivunjika mara mbili, kwa miaka tofauti, ukaunga vibaya. Mbavu tatu za upande huo huo nazo zilivunjika zikaunga. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, na mara nyingi huumia karibu na kifundo. Mfupa ule, pale katikati, huvunjika mtu anapoinua mkono kukinga kichwa. Nimewahi kuukuta hivyo kwa wanawake wa Misri, nikauandika na kuendelea na kazi. Alhamisi sikuweza kuendelea. Nilikaa chini mle ndani mpaka wale watu wakaniita.

Huku Johannesburg Mama hakuvunjika popote; nililala naye chumba kimoja mpaka alipokufa. Kwa hiyo ilivunjika huko Uvira. Nilikuwa na miaka mitano tulipoondoka mimi na Mama, nikaamini tumekimbia vita. Wewe ulikuwa na kumi na sita. Sitaki uniambie ulisikia nini. Nauliza tu: ulijua, na bado ukajenga nafasi mbili?

Mama harudi kwa Baba. Nilimpigia mjomba Placide, nyumbani kwao Mama, Mboko, nikamweleza. Akasema ni yeye aliyemrudisha dada yake kwa mumewe, mara zote mbili, dada akiwa na bendeji mkononi, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshaliwa. Sasa anarudisha ng'ombe wengine, wote sita, ili ukoo wetu usiwe na la kudai. Ijumaa watafika zizini kwako. Wapokee.

Tunamzika Mboko tarehe 28. Ukija, njoo kama mwanawe. Mjumbe wa mume hatapewa nafasi ya kusimama.

Wasalimie wifi na watoto, na usiache dawa ya goti.

Mdogo wako,
Marcelline