Tairi Kubwa za Noah

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Noah yetu imevaa tairi mpya! Imeinuka, inapendeza kweli. Za mwanzo zilikuwa 195/65, hizi nimechukua 215/70, nene na ndefu zaidi, rimu zilezile. Muuzaji alinionyesha za saizi yetu, nikazikataa. Mvua zimeanza, na nimechoka tumbo la gari kukwama kwenye tope kila nikipeleka chakula kwa wachimbaji. Halafu gari ya jirani Mariana imesimama juu — nisijidanganye, ilikuwa inaniuma.

Fundi William hakufurahi. Tulizungusha usukani hadi mwisho, gari tupu, hakuna kilichogusa. Bado akatikisa kichwa. "Mama Blessing, tupu siyo kipimo. Ikibeba mzigo inakaa chini. Ukikata kona yote, tairi itashika madigadi. Mwambie Baba Blessing."

Baba Blessing, Athanas wangu, amerudi jioni kutoka shamba. Kaizunguka gari. Mbona kubwa? Fundi anasemaje?

"Anasema zinakaa vizuri."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aa, najua. Angenirudisha Shinyanga mjini nikazibadilishe.

Jumanne, 12 Novemba

Raha tupu. Tope lote tunapita! Athanas amesema nilichagua vizuri. Nikaona haya, nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Msiba Mhunze, mjomba wake Athanas. Na safari ya msiba huwezi kumwambia mtu gari imejaa. Akina mama na unga wao, sufuria, kuni. Athanas alisema wanatosha. Mimi ndiye niliyesema sogeeni, sogeeni, panda wifi! Wifi Febronia, dada yake mkubwa, akapanda wa mwisho, akakaa juu ya gunia mlangoni.

Kona ya kushukia darajani, Athanas kwenye usukani. Nikasikia krrr — nikajua. Nilijua kabla ya mtu yeyote mle ndani! Usukani ukagoma. Mtaroni.

Wifi kavunjika mkono, wa kulia. Wengine michubuko tu. Mungu katuhurumia.

Ijumaa, 15 Novemba

Gari imevutwa hadi nyumbani. Ndugu zake Athanas wamekaa kikao. Eti alikuwa anakimbiza gari. Mmoja akauliza kama alionja kitu njiani — Athanas, asiyekunywa hata togwa! Akajibu kwamba usukani uligoma. Wakaguna. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikauliza nani aongezewe sukari.

Walipoondoka akaniuliza taratibu: hivi mke wangu, nilisinzia?

Nikamwambia umechoka, pumzika. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya misa tulipita kwa wifi. Huu ndio wakati wa kupanda pamba, na yeye mkono kafungwa hogo la plasta. Athanas akapiga magoti mbele yake, mwanaume mzima! Akasema kosa ni lake. Atampandia shamba lote, na usukani hashiki tena maishani. Wifi akalia: "Mayo we! Inuka, mdogo wangu." Halafu akanigeukia mimi, akasema nishukuru kupata mume anayekubali kosa.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Nilitazama miguu yangu.

Mchana nimempigia William aje anirudishie tairi za zamani, hata kama ni vipara. Kimyakimya. Akasema atakuja. Yeye hatalianzisha hilo neno, lakini akiulizwa hatadanganya. Nikamwomba. Nimemwomba fundi wa watu adanganye, siku ya Jumapili!

Amefika. Nawaona kutoka hapa dirishani. Athanas amechuchumaa kwenye tairi la mbele, anapapasa ubavuni palipochanika. Anauliza kitu. William ameinua kichwa. Anatazama huku kwangu.

Athanas naye amegeuka. Ameona machozi yangu. Ananipungia mkono, kama kusema nyamaza, mama, yataisha — anadhani namlilia yeye.