Siku Mama Mkwe Alipopanda Gari Langu

Kibomet, Kitale
Jumapili mchana

Nafula mke wangu, mama Simiyu,

Mulembe sana huko Malakisi. Mko aje wote? Kifua cha Mzee kimetulia? Na Simiyu ameacha kutafuna kola ya shati la shule, ama bado? Mimi niko mzima, ila mgongo unauma kidogo, na viatu vyangu viko hapa dirishani vinakauka na kunuka matope ya mlimani. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako ikilia, boma zima husimama kusikiliza, na haya nataka yafike kwa sikio lako kwanza. Barua naituma leo kwa matatu hadi kwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lenu, naye atakuletea kesho. Tafadhali isome kabla hujamuuliza mamako chochote, maana yeye atatia chumvi.

Ndiyo, mamako. Kaa chini kwanza.

Unajua kazi yangu, ingawa yeye amekuwa akisema ati hiyo si kazi. Bosi ana magari mawili ya fowili, yale ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, mazee lakini yana nguvu, na mimi na Kibet tunapeleka wageni kwa zile njia mbovu za msitu wa Mlima Elgon ambazo gari la kawaida haliwezi kuzigusa. Watu wanatoka Nairobi na nguo zao safi kuja kutafuta matope ambayo sisi tulikuwa tunapigwa tukiyaleta nyumbani. Mimi naipenda hii kazi, Nafula. Kitu kimoja tu kinanishinda. Mwaka mzima nimekuomba uje na watoto tukae pamoja hapa, na mwaka mzima jibu ni lile lile, kwamba Mama hajakubali, na bila baraka zake hutafunganya hata kijiko. Sikulaumu. Lakini nimechoka kupika ugali wa mtu mmoja. Nusu inabaki, asubuhi naila na chai, na hakuna hata mtu wa kunicheka.

Basi jana bosi akasema tuna kikundi cha kina mama wa kanisa kutoka Bungoma, wanataka kuona mapango, kisha wapande mpaka kwenye mianzi. Nikaosha gari, nikaangalia oili, nikatoa upepo kidogo kwa tairi ili zishike udongo vizuri. Basi lao likafika. Wakaanza kushuka wakiimba. Na nani anashuka wa tatu, na gambuti mpya za mpira na leso ya maua ya manjano? Nafula, wewe ulijua! Usijitetee. Nilipiga magoti nyuma ya gari nikajifanya nakaza nati.

Nikamuita bosi kando nikamweleza. Wazee wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, kwa hivyo mambo yetu ya Kibukusu humchekesha. Nikamwambia kwetu mtu hampi mama mkwe wake mkono, hakai naye kiti kimoja, haongei naye ana kwa ana, hamwangalii usoni, na yeye mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake hata mvua ya mawe inyeshe.

"Kwani akikuangalia utageuka jiwe?" bosi akaniuliza.

"Afadhali jiwe, bosi. Jiwe halina mke."

Akacheka mpaka akakohoa, lakini alimweka Mama kwa gari la Kibet. Nikashukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema. Hatujaenda mbali kutoka lango la msitu, klachi ya Kibet ikafa. Kufa kabisa, hata gia haiingii. Gari lingine halikuwepo, na kina mama walikuwa wamesafiri tangu alfajiri. Ikabidi wote tisa wabanane nyuma kwangu, na Kibet akae mbele na mimi.

Hapo mwenyekiti wao, yule mama mnene mwenye sauti, akasema, "Ngojeni, hii ni kitu ndogo." Akatoa leso, akaifunga kutoka upande huu wa gari hadi ule, katikati ya kiti changu na viti vyao. Pazia, Nafula! Na mimi nikageuza kioo cha ndani kiangalie paa. Sasa fikiria dereva anayepanda mlima na hawezi kuona nyuma, na kila akikohoa kina mama tisa wanakaa kimya kusikiliza amekohoa namna gani.

Mapangoni tulienda vizuri. Shida ilikuja tulipofika pale njia inapoanza kupanda kwa ule udongo mwekundu. Hapo lazima dereva ashuke afunge habu. Sijui kama nimewahi kukueleza. Kwa haya magari ya zamani kuna kitu cha chuma katikati ya kila gurudumu la mbele, unakizungusha kwa mkono. Usipokizungusha, hata uvute gia ya fowili namna gani, magurudumu ya mbele hayakusaidii. Na ukifunga moja ukaacha nyingine ni bure vile vile. Nikashuka nikafunga ya kulia. Nikazunguka kwenda ya kushoto, nikapata nani amesimama hapo hapo kando ya gurudumu? Mamako. Ameshuka kunyoosha miguu, anaangalia mbega juu ya mti.

Ningefanya nini? Nikarudi nyuma. Nikajifanya naangalia tairi la akiba. Nikachungulia, bado yupo. Nikaangalia mawingu. Mwishowe mwenyekiti akapiga kelele kwamba mvua inakuja, wote wakapanda mbio, na mimi nikaruka kwa usukani. Nikasahau. Miaka sita ya kazi, na nikasahau.

Tulipanda kidogo, mvua ikamwagika, na gari likaanza kuteleza kama sabuni bafuni. Magurudumu ya nyuma yanalia, ya mbele yamelala. Likarudi kinyumenyume, likaenda upande, likaegemea mtarakwa mmoja mkubwa na kutulia. Hakuna aliyeumia, nakuapia. Wimbo ulikatika tu katikati, kisha mtu akaanza kuomba kwa sauti.

Kibet akaweka mawe chini ya magurudumu, akavuta waya wa winchi, ile mashine ya mbele ya kuvuta gari, kwenda kuufunga kwa mti wa juu. Kina mama wakashuka mmoja mmoja wakapanda ukingoni, lakini Mama alishuka kwa upande wa chini. Gambuti zake mpya zikazama mpaka magotini, na kila akivuta mguu mmoja, mwingine unaingia zaidi. Karibu naye hapakuwa na mtu ila mimi. Nafula, nilisimama pale na mvua ikinipiga, na nilikuwa naona uchungu kweli. Nikimshika mkono nimevunja heshima mbele ya kanisa zima, na hapo sahau baraka. Nikimwacha aanguke, pia sahau.

Kwa gari tuna mkanda mpana ambao tunazungushia mti ili waya usikate maganda yake. Tulikuwa na miwili. Nikachukua mmoja, nikashika ncha moja, nyingine nikamrushia. Nikageuka nikaongea na mtarakwa.

"Ewe mti, mwambie Mama ashike huo mkanda kwa mikono miwili."

Kisha nikasikia, "Mti, mwambie huyo kijana asinivute kama ng'ombe."

"Mti, mwambie Mama nitavuta polepole."

"Mti, mwambie aache kuongea avute, naganda!"

Nikavuta nikiwa nimempa mgongo. Akatoka, ila gambuti moja imebaki huko huko na mlima. Kina mama walipiga vigelegele mpaka mbega wakakimbia.

Hapo ndipo Kibet akainama, akaona habu ya kushoto. "Wekesa, bana," akasema, "hukufunga hii."

Ningeweza kusema ni mvua. Kibet ni rafiki, hangenichoma. Lakini Mama alikuwa amesikia, na akamuuliza Kibet kwa nguvu, "Muulize mwenzako, gari la miguu minne limepandaje na miwili?"

Nikavua kofia. "Mwambie Mama ni makosa yangu. Nilipotaka kufunga, alikuwa amesimama hapo, nikaogopa kumkaribia. Kisha nikasahau. Ningemwomba asogee, kupitia kwa mtu, na sikufanya."

Halafu nikasikia kicheko ambacho sijawahi kusikia miaka yote hii. Mamako anacheka kama wewe, Nafula! Kile kile cha kuishiwa na pumzi. Alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe na mguu mmoja bila kiatu, na sisi wote tukafuata.

Alipomaliza kufuta macho, hakucheka tena. Akamwambia Kibet, polepole, "Muulize. Akimpeleka mtoto wangu Kitale, mimi nikija kuona wajukuu, nitalala wapi?"

Aki, nilikuwa mjinga. Mwaka mzima nilidhani anadharau kazi yangu. Huko Malakisi anakuona sokoni na kanisani, anabeba Nanjala wetu mdogo mgongoni wakati anapotaka. Hapa Kitale kuna paa moja tu, na ni langu, na yeye hawezi kulala chini yake. Kumbe alikuwa anaogopa kuwapoteza na hakuwa na namna ya kusema.

Nikamjibu Kibet nikiangalia chini. "Mwambie jirani yangu, Mama Chebet, ana chumba cha ziada. Mlango wake uko upande wa barabara, paa ni lake, si langu. Mwambie nitamwombea hicho."

Mama akainuka, akapangusa matope mguuni. Nikafunga habu ya kushoto, nikakagua zote mbili mara tatu, tukatoka na winchi. Njia yote ya kurudi leso imening'inia, wao wanaimba, na mimi natoka jasho.

Leo baada ya kanisa nimeenda kwa Mama Chebet. Amekubali bila shida. Nimefagia chumba mwenyewe, na ukifungua dirisha unaona mlima.

Nisalimie Mzee, mwambie apunguze tumbaku kama daktari alivyosema, asinidanganye kwa simu. Msalimie mama yangu mzazi, mwambie soksi alizonifumia ndizo zimeniokoa na baridi. Shemeji yangu, ndugu yako mwalimu, mwambie aje siku moja nimpandishe mlima, aone kama hizo suruali zake zitabaki nyeupe. Nanjala mbusu kwa niaba yangu, na Simiyu mwambie baba anamuuliza kuhusu hiyo kola.

Sasa la mwisho. Jana tulipofika langoni, kina mama walishuka wakapanda basi lao. Mama alibaki nyuma. Alisimama upande wa pili wa gari akamwita Kibet, na alisema kwa sauti ya kutosha ili nisikie:

"Mwambie mkwe wangu kwamba Nafula aje. Na abebe ile sufuria yangu kubwa, nikija kwa hicho chumba nitajipikia."

Mkwe wangu, Nafula. Hajawahi kuniita hivyo. Nilijifanya natoa matope machoni.

Anza kufunganya.

Mume wako akupendaye,
Wekesa