Stempu Niliyoshindwa Kuipiga Muhuri

Karatu, Alhamisi jioni. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Vidole vyangu vina baridi, ingawa sidhani kama sababu ni ukungu.

Nimesema uongo kazini.

Jumatatu, kwenye mfuko wa barua za nje, nilikuta bahasha kutoka Afrika Magharibi. Stempu yake ilikuwa safi. Posta ya huko ilisahau kuipiga muhuri. Utaratibu wetu hauna utata: ikifika hivyo, karani huipiga muhuri wetu wa tarehe kabla ya kumpa mwenyewe, isije ikatumika tena. Mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi. Sijawahi kuruka utaratibu hata mmoja.

Niliinua muhuri. Kisha nikaitazama picha.

Mji wa kale wa biashara, kando ya mto Niger. Nilichukua kioo cha kukuzia. Kuta za udongo, mitumbwi imebanana ukingoni, wanaume wamejitwika mabamba ya chumvi, mwanamke anatandaza vitambaa. Ng'ombe wanavuka kwa kuogelea, pembe tu juu ya maji. Yote hayo mahali padogo kuliko kidole gumba changu! Shuleni nilijibu maswali ya biashara ya chumvi nikapata alama nzuri, na sikuwahi kufikiri kwamba shingo za watu wale ziliuma.

Mkono ulikataa kushuka.

Niliificha bahasha chini ya daftari la vifurushi, nikijiambia nitaipiga kesho.

Jumanne akaja mwenye barua, mama wa makamo kutoka Kakesio. Simu ya mwanawe anayesoma Afrika Magharibi haipatikani tangu mvua zilizopita. Aliuliza kama kuna chochote.

"Bado, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

Kumpa kungenilazimu kwanza kuugonga muhuri ule mji. Basi akaenda kulala kwa ndugu yake hapa mjini, siku mbili, asijue kama mtoto wake yu hai.

Leo alirudi, akakaa kwenye benchi bila kuuliza kitu. Bwana Sulle, mkuu wangu, akanitania, "Karani, huyu mama anahamia hapa. Tumtafutie godoro?"

Sikuweza kucheka. Nilitoa bahasha.

"Yeyo, ilikuwepo tangu Jumatatu. Nilikudanganya. Niliogopa kuichafua hii picha."

Aliisogeza karibu na macho.

"Kumbe umeiona kabla yangu mimi niliyemzaa."



Akaniomba nimsomee. Kijana ni mzima, anaendelea na masomo ya udaktari wa mifugo, simu iliibiwa. Mji wa kwenye stempu ndimo anamoishi, na ng'ombe bado wanavuka mto ule kila mwaka.

"Wanaogelea?" mama akauliza.

"Ndiyo, yeyo."

"Na ndama?"

Nikachukua kioo. Alikuwepo. Kichwa kidogo kimeegemea mgongo wa mama yake, katikati ya mto. Siku tatu nimeitazama picha ile nikidhani nimeimaliza, na sikumwona.

Nilimpa kioo. Alikaa nacho muda mrefu, foleni nyuma yake ikasubiri, na hakuna aliyenung'unika.

Kisha akataka nimwandikie majibu. "Mwambie nimemwona ndama. Mwambie na hili: barua yake ililala hapa kwa karani mwoga."

"Mwoga, yeyo?"

"Andika, andika. Mbona umesimamisha kalamu?"

Nikaandika.

Bwana Sulle alikuwa amesimama nyuma yangu kitambo. Hakutania tena. "Barua ya kujieleza. Kesho saa mbili, mezani kwangu." Akageuka kuidai ile bahasha ipigwe muhuri, lakini yeyo alikuwa ameshaitia ndani ya shuka lake na yuko mlangoni. Mkuu alimtazama akitoka, wala hakumwita.

Sasa nina karatasi mbele yangu. Ningeweza kuandika kwamba bahasha ilichanganyika na vifurushi. Angeamini, labda. Kazi ingebaki, labda.

Nimeandika sentensi moja: "Niliogopa kuharibu mji, nikamtesa mama wa mtu."

Nimeisoma mara nne. Sijaifuta.