Kisanduku cha Mkuu wa Kaya

Kambini, Kigoma
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa wiki zote ambazo sikuandika. Naamini goti limetulia na yule mbuzi mweupe ameacha kuruka uzio na kula kabichi za Bibi Tekla. Huko Mgeta najua mvua zimeleta baridi, maana hata hapa, ambako jua halina adabu, asubuhi watu wanajifunika. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na ile homa imekwisha, kwa hiyo usianze kuchemsha majani ukampa dereva wa lori aniletee.

Barua hii uisome mwenyewe. Utasema macho, lakini miwani unayo, na kusoma ulijifunza ukiwa mtu mzima, hukupata tabu ile bure. Usimpe Sebasti. Kaka yangu nampenda, ila ana tabia ya kuruka mistari isiyompendeza, na humu ipo. Mara ya mwisho aliniambia wapimaji wa ardhi wanakuja kijijini. Hilo nitalirudia mbele. Simu yake nayo inasikilizwa na nyumba nzima, ndiyo maana sikupiga. Karatasi usiishangae, ni nene na ina nembo ya ofisi juu. Nitakueleza ilikotoka.

Mama, nimekosana na wakubwa wangu. Nakuambia mapema usije ukafika katikati ukadhani ni ugonjwa. Kesho asubuhi huenda nikawa sina kazi, na ni kwa kuamua mwenyewe.

Unajua nilikuja huku kwa kazi ya usafi. Nilikuwa nagawa sabuni, ndoo na pedi za kina mama, na kufundisha watu kufunga kibuyu chirizi nje ya choo, lile dumu dogo unalolikanyagia kijiti kwa mguu likamwaga maji bila kulishika. Kazi hiyo naipenda. Mtu amekimbia risasi, amevuka mpaka na mtoto mgongoni, siku anapopata kipande cha sabuni na maji yake mwenyewe uso wake unabadilika kabisa. Halafu mvua za kwanza zikaja pamoja na familia nyingi mpya kutoka ng'ambo, na karani wa makazi akaugua. Mratibu wetu, Bwana Ernesti, akanipa kalamu na fomu, akaniambia nishike nafasi ya karani kwenye kanda mpya.

Kila familia inapewa kiwanja chenye namba, turubai, fito, kamba na misumari, kuta wanakandika wenyewe kwa udongo. Mimi naandika nani kapewa nini. Juu ya fomu kuna kisanduku cha jina la mkuu wa kaya. Jina hilo ndilo linaloingia kwenye kadi, na mwenye kadi ndiye mwenye kiwanja, turubai na mgao wa sabuni. Basi nikawa nafika, nasalimia, nauliza nyumba hii ya nani. Watu wananitazama tu. Mimi naandika jina la mama wa pale, kisha namuuliza baba jina lake, naliweka chini pamoja na watoto. Kanda nzima, Mama, mstari hadi mstari. Sikuwa na ujanja wowote. Haikunijia kabisa kwamba kuna namna nyingine.

Ingenijiaje? Mimi nimekulia kwako. Kwetu ukiuliza nyumba ya nani unatajiwa mwanamke, shamba linatajwa kwa ukoo wa mama, na mwanaume akioa anakuja na jembe lake. Baba alipotoka Turiani alijenga juu ya ardhi ya bibi, na mlipoachana aliondoka na vyake, baiskeli na redio. Namkumbuka anavyoifunga redio kwa mpira nyuma ya baiskeli, hana ugomvi na mtu, anatuaga mmoja mmoja. Sisi tukaendelea kunywa uji kwenye meza ileile.

Kosa langu liligunduliwa na mwanaume mmoja anaitwa Amisi. Mke wake, Furaha, alifika na watoto wanne, wa mwisho ananyonya. Amisi hakuwepo, tuliambiwa wamepotezana njiani. Furaha alijenga peke yake, anakandika ukuta huku mtoto amelala kwenye beseni. Choo chake ndicho cha kwanza kanda ile kupata kibuyu chirizi, na sabuni ameitoboa akaifunga uzi isiibiwe. Mwezi wa pili tangu wafike, Amisi akatokea, mzima, amenawiri, ana mwanamke mwingine. Hakuja kukaa. Alitaka turubai, akajenge kwa yule mpya upande wa pili wa kambi. Furaha alipokataa, Amisi akaenda ofisini kudai kuwa ni lake, yeye ndiye baba wa familia. Wakafungua daftari, wakakuta jina la Furaha.

Basi kelele zikaanza. Amisi akawapitia wanaume wenzake, kila mmoja akaitafuta kadi ambayo hajawahi hata kuisoma, akakuta jina la mkewe. Siku mbili ofisi haikufanya kazi nyingine. Wengine walisema nimetumwa kuvunja ndoa za watu. Wengine walisema huyu hajaolewa, ndiyo maana ana roho mbaya. La kutoolewa ni kweli, nikacheka, na hilo likawaudhi zaidi.

Bwana Ernesti si mtu mbaya, nataka ulijue. Ana familia nyingi zisizo na paa na mvua haimsubiri. Aliniita akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba fomu inasema mkuu wa kaya, haisemi mwenye nyumba, na kwa watu hawa mkuu wa kaya ni mume. Nikamuuliza kwa Furaha mkuu huyo alikuwa wapi siku ya kukandika. Akasema hayo ni mambo ya ustawi wa jamii, sisi ni watu wa makazi. Nirudie fomu zote, niwaombe radhi wanaume kwenye mkutano, halafu habari ya mkataba wangu, ambao unaisha mwezi huu, itazungumzika.

Na nilianza kurudia, Mama. Sikufichi. Niliogopa. Nilikuwaza unavyowaambia watu kanisani kwamba mwanao yuko na shirika, nikaona aibu ya kurudi na begi. Nikaanza na fomu ya Furaha ili lililo gumu liishe kwanza. Nikaenda kwake nikamweleza. Alikuwa anafua nguo za mtoto kwenye ndoo niliyompa mwenyewe siku aliyofika. Hakulia wala hakunitukana. Alikamua nguo, akaianika kwenye kamba ya turubai, ndipo akasema taratibu, "Dada, ukiandika jina yake, andika na pale watoto watalala."

Nikaangalia fomu. Kisanduku cha hilo hakipo. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaondoka, na hasira iliyonipanda siku ile mpaka leo haijashuka.

Mkutano ulikuwa jana, kwenye uwanja wa mgao. Wanaume mbele, wanawake nyuma wamekalia ndoo zao. Bwana Ernesti akanikaribisha niombe radhi. Nikasimama nikawaambia ni kweli nilikosea, nilidhani dunia yote iko kama kwetu Uluguru. Nikawasimulia baba na redio yake, wakacheka sana. Kisha nikasema kosa hilo silirekebishi, kwa sababu nimepitia kila jina nililoliandika na sijaona hata moja lililotaka kuhama na turubai likawaacha watoto kwenye mvua. Hapo kicheko kikakoma. Akasimama mtu wa makamo, wala hakuwa na ubaya, ana wasiwasi tu, akauliza, "Sasa sisi tutalala wapi?"

"Mtalala palepale mlipolala jana," nikamjibu.

Wanawake kule nyuma wakaanza kugonga ndoo. Yule mtu mwenyewe akakaa huku anatabasamu, akamgeukia mkewe akamwambia jambo sikulisikia. Amisi aliondoka kabla mkutano haujafungwa.

Bwana Ernesti hakunifokea. Alinipa karatasi hizi zenye nembo, akasema niandike barua ya kuomba radhi niiweke mezani kwake kesho saa mbili, pamoja na fomu zilizorudiwa. Nisipofanya hivyo, nitafute kwa kwenda, na atampa mtu mwingine azirudie.

Hapo alisahau kitu, Mama. Kadi haibadilishwi mpaka mwenye nayo ailete mwenyewe na kuweka dole. Sharti hilo ni lao, wameliandika nyuma ya kadi kwa herufi ndogo. Leo nilipotoka misa nimepita kanda nzima, mlango kwa mlango, nikiwasomea upande wa nyuma. Furaha alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimsomee tena, kisha akaifunga kadi yake kwenye pindo la kitenge na kukaza fundo kwa meno. Hata wakinifukuza, jina la pale halitoki bila mkono wake.

Najua utasema, mwanangu, na kazi je? Nimefikiri sana. Nimejiuliza kwa nini siogopi kama wenzangu, ambao tukiwa wawili wananipongeza na mbele ya mkubwa wanatazama chini. Ni kwa sababu mimi nina pa kurudi. Wakinifukuza kesho napanda basi, nashuka Morogoro, napanda mlima, na hakuna mwanaume wa kunizuia mlangoni kwako. Furaha hana hicho. Ana turubai na kadi.

Sasa narudi kwa wapimaji. Sebasti aliniambia watatoa hati za kimila, na kwamba yeye atakujazia fomu kwa sababu ya macho yako. Fomu hiyo sijaiona lakini naijua. Ina kisanduku juu. Sebasti hana nia mbaya, anaona ni kurahisisha tu. Lakini watoto wake ni wa ukoo wa wifi, na akiandikwa yeye, shamba la bibi litawafuata hao, na sisi tutakuja kuomba njia ya kupita. Siku hiyo vaa miwani, keti na karani wewe. Soma kisanduku cha juu kabla ya kugusa kalamu. Andika jina lako kwa mkono wako, herufi kubwa, kama walivyokufundisha. Sebasti ajenge, alime, ale, hakuna anayemfukuza. Mwambie nimesema hivyo, na akinuna mpe chai.

Nisalimie Mjomba Patrisi, mkubwa wa ukoo wetu, umwombe akae nawe siku ya wapimaji. Ugoro wake nitamletea. Nisalimie wifi yangu Generosa, anielewe, sina neno naye. Bibi Tekla mpe pole ya kabichi. Na shangazi wa Turiani akipanda huko, mwulize kama ile redio bado inaongea.

Karatasi zao zimeisha, nimeandika mpaka pembeni. Kesho saa mbili naweka mezani fomu zangu za mwanzo kama zilivyo. Nikiulizwa barua ya radhi iko wapi, nitasema nimeiposti Mgeta.

Ni mimi binti yako, ambaye hajaomba radhi,
Leokadia