Nywele za Zariah na Kina Kirefu

Jumamosi, 8 Juni

Saluni imejaa hadi mlangoni, na mimi Verdell nilikuwa moto kama kitana changu cha chuma cha kunyooshea. Memphis nzima hakuna anayenyoosha nywele kama mimi — mbishi aje! Nikahubiri tena: leteni watoto bwawani, darasa la bure, Kocha Lamont ni kijana wetu wenyewe. Bi Earline akanirushia toka chini ya kikaushio: na wewe unajua kuogelea? Nikamwambia nimeingia bahari ya Jamaika, mimi.

"Uliingia mpaka wapi?"

Mpaka kiunoni! Walivyocheka! "Huko ni kuoga, siyo kuogelea!"

Sawa. Lakini wawili wamekubali kuleta watoto. Marehemu mama bwawa la mji alilionea uzioni, weupe wakiwa ndani, sisi weusi marufuku. Akaturithisha woga. Uishie kwangu.

Jioni nikamnyoosha Zariah, binti wa mdogo wangu Renelda. Kesho anaimba kanisani peke yake. Zilishuka mgongoni kama hariri. Nikamtania: tone moja la maji likigusa kazi yangu, nakuua, nakufufua, nakuua tena! Saluni nzima kicheko.

Jumapili, 9 Juni

Kaimba mpaka mchungaji kalia! Renelda anataka nywele zikae hivyohivyo hadi harusi ya binamu yetu, Jumamosi ijayo. Nikasema sawa. Kichwa kimevimba kwa sifa, ningesema sawa kwa lolote.

Jumanne, 11 Juni

Lamont kaniita pembeni. "Mama Verdell, Zariah ana shida ya shingo?" Eti wiki iliyopita alikuwa anazamisha uso vizuri, leo anaogelea kama bata, kichwa juu. Na kichwa kikiwa juu, miguu inazama. Ijumaa ni mtihani wa kina kirefu — asipovuka, hana nafasi kwenye timu kiangazi hiki.

Nilijua palepale.

Garini nikamuuliza. Akaangalia dirishani. "Ulisema utaniua, mama mkubwa."

Nilikuwa natania, mwanangu!

"Mama hatanii."

Jumatano, 12 Juni

Nimempigia Renelda. Kasema basi aache kuogelea mpaka harusi ipite, bwawa halihami. Bwawa halihami, mtihani je? Kakata simu.

Nikabuni: mfuko wa plastiki, juu yake kofia, juu yake kofia nyingine. Fundi! Maji yakaingia vilevile. Katoka anashika nywele za kwenye paji la uso, machozi tele. Nikamwambia lowesha tu, nitanyoosha upya.

"Utaniunguza sikio tena."

Hapo kanipata.

Bi Earline keshasikia. Ananiuliza: kama wako anazama, wajukuu zangu niwalete wa nini? Nikawasha kikaushio kuizima sauti yake.

Alhamisi, 13 Juni

Usingizi hakuna. Nimeota namchana, kitana kinatoka kinachuruzika maji. Nisimpeleke? Nikisema asiende, nimekuwa mama yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Niko benchi la bwawani. Naandika ili nisisimame kila dakika. Bi Earline yuko nyuma yangu na wajukuu zake, nguo kavu, anasubiri kuona.

Zariah yuko kwenye foleni. Kila saa kidole kinaingia chini ya kofia. Mvulana aliyetangulia kapita. Upande ule maji ni buluu nzito, hata Lamont hagusi chini.

Kanigeukia. Macho yale!

Basi nimefanya wazimu. Nywele zangu nilizitengeneza jana kwa ajili ya harusi, mawimbi ya kufa mtu. Nimechukua ndoo ya watoto, nikaijaza bwawani, nikajimwagia kichwani. Yote! Bi Earline kapiga ukelele: "Verdell, umerogwa?" Bwawa zima kicheko. Nywele zimejikunja palepale, nimekuwa kondoo. Nikamwambia Zariah: harusini tutakuwa kondoo wawili!

Kaziba mdomo. Mabega yanatikisika. Kucheka au kulia, sijui.

Karatasi inalowa. Kipenga.

Kaingia. Kichwa juu. Bado juu — miguu inashuka, Yesu wangu, inashuka. Lamont anatembea ukingoni na ule mti mrefu wa kuokolea. Kauinua. Nimesimama. Bi Earline kanishika mkono.

Lamont kaurudisha mti begani. Kwa nini kaurudisha? Sioni uso wa mtoto. Uso umo majini — naona visigino tu, vimepanda juu, vinapiga maji, vinapiga